Mtoto wa mbwa karuka chanjo ya pili zaidi ya mwezi: nifumue nianze upya, au niendelee uzi ulipokatikia?

Mama Kefa, Tabata · 10 Agosti, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, mbwa sijawahi kufuga maishani. Nyumbani kwetu tulikulia na kuku tu. Mwezi wa tano kibaka aliruka ukuta akabeba vitenge vitatu vya wateja na pasi yangu ya mkaa. Pasi ilikuwa bado ya moto, mpaka leo najiuliza aliishikaje. Baba Kefa akasema basi, tutafute mbwa. Tukampata dume mdogo kwa mama mmoja Kigamboni. Jina kapewa na mama mkwe: Mtajiju. Ujumbe unawahusu majirani fulani, mimi simo.

Alizaliwa tarehe 3 Mei. Yule mama alinikabidhi pamoja na kikaratasi, akasema "huyu ameshachomwa zote, wewe kazi yako kulisha tu". Nikafurahi. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo hapa mtaani tarehe 17 Juni, daktari akakishika kile kikaratasi akacheka. Mistari miwili ya kalamu ya bluu, hakuna stika ya dawa, hakuna muhuri, na tarehe ya sindano ya kwanza inaonyesha mtoto alikuwa na wiki mbili! Akasema "mama, hii ni barua, siyo kadi". Akamchoma ya kwanza, akambandikia stika kwenye kadi mpya, akaandika nirudi tarehe 8 Julai.

Tarehe 5 Julai nikapigiwa simu, baba mdogo amefariki Songea. Nikaondoka na mtoto wangu mdogo mgongoni, nikamwachia baba Kefa nyumba, Kefa na Mtajiju. Mazishi, shughuli za ukoo, kugawana mashamba, nimerudi jana tarehe 9 Agosti. Kumuuliza baba Kefa habari za kliniki, ananiambia "si uliniambia nimlishe?"

Kwa hiyo kuanzia sindano ya kwanza hadi leo ni karibu wiki nane, na mtoto ana wiki kumi na nne. Daktari wetu simu yake haipatikani, nasikia yuko likizo mpaka wiki ijayo. Kijana wa duka la dawa za mifugo ananiambia ile ya kwanza imeshapotea, nianze moja hadi tatu. Jirani yangu mzee anasema moja inatosha, hawa wa kienyeji wana damu ngumu. Halafu ni jirani huyohuyo ambaye mwezi uliopita mbwa wake mmoja alikufa kwa siku tatu tu, anatapika na kuharisha damu yenye harufu ambayo baba Kefa anasema haijamtoka puani hadi leo. Tunapakana ukuta.

Kwa lugha ya kazi yangu: nifumue gauni lote nianze upya, au naendelea pale uzi ulipokatikia? Na Kefa ana miaka sita, anashinda naye chini. Naomba msaada wenu.

---

Mzee wa Nzuguni · 10 Agosti, saa 4:15 usiku

Mama Kefa, usitafute presha. Mimi nimefuga mbwa Dodoma hii miaka ishirini na tano, sijui sindano wala kadi. Mtwangie kitunguu saumu punje tatu, changanya na maziwa, mpe asubuhi siku saba. Minyoo inatoka, damu inakuwa ngumu. Hao madaktari wanatafuta hela ya mchana.

---

Daktari wa Kihonda · 11 Agosti, saa 12:20 asubuhi

Mama Kefa, pole sana na msiba. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea SUA na bado niko hapahapa Morogoro.

Mzee wa Nzuguni, shikamoo, lakini hapo kwenye kitunguu saumu naomba nikupinge mbele ya watu. Jamii ya vitunguu, saumu na maji, inaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mtoto wa kilo tano hahitaji kingi. Mama Kefa, usimpe.

Sasa gauni lako. Halifumuliwi lote. Ila lina sehemu mbili, na moja tu ndiyo ya kufumua. Nieleze kwa nini, maana ukishaelewa sababu hutahitaji kumuuliza mtu tarehe tena.

Mtoto wa mbwa akizaliwa ananyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake. Humo ndani kuna kinga. Kama mama alichanjwa au aliwahi kuugua akapona, mtoto anapata kinga hiyo bure. Shida ni kwamba kinga ya dang'a haitofautishi ugonjwa na chanjo. Chanjo za pavo (ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu) na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa) ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ukichoma wakati dang'a bado ina nguvu, inavimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Umechoma, umelipa, stika imebandikwa, lakini mtoto hana kitu.

Dang'a inapungua kila siku, na kila mtoto kwa mwendo wake. Kuna ambaye wiki ya nane imeisha, na kuna ndugu yake wa tumbo moja ambaye wiki ya kumi na nne bado anayo. Kwa macho huwezi kujua. Na katikati pana siku mbaya sana, ambapo dang'a imeshakuwa dhaifu mno kumkinga na ugonjwa lakini bado ina nguvu ya kuharibu chanjo. Watoto wengi wa pavo wanaingia kwenye mwanya huo.

Ndiyo maana tunarudia kila wiki tatu au nne. Watu wanadhani ya pili inaongezea ya kwanza, na ya tatu inaongezea ya pili, kama kupanda ngazi. Hapana. Kwa pavo na distempa tunarudia ili mojawapo iangukie siku ambayo dang'a imeisha. Kwa hiyo tusihesabu sindano, tuhesabu umri. Swali la kuuliza kadi yoyote ya mtoto wa mbwa ni hili: sindano ya mwisho alichomwa akiwa na wiki ngapi? Inatakiwa iwe kumi na sita au zaidi. Nimeona watoto waliochomwa mara tatu, wiki ya sita, ya nane na ya kumi, kadi imejaa, mwenyewe anatamba, na mbwa akaja kufa kwa pavo akiwa na miezi minne.

Wa kwako atatimiza wiki kumi na sita tarehe 23 Agosti. Achomwe sasa, wiki hii, kwa sababu jirani amepoteza mbwa na hatuwezi kusubiri. Kisha arudiwe baada ya wiki nne, atakuwa amevuka kumi na saba. Hapo umemaliza upande wa virusi. Hakuna cha kuanza moja.

Sehemu ya kufumua ni ile herufi L kwenye stika yako, leptospira. Hiyo ni chanjo mfu, yaani vijidudu vyake vimeshauawa, na chanjo mfu ndiyo kweli inataka mbili zinazofuatana kwa wiki mbili hadi nne. Ya kwanza bila ya pili kwa wakati, mwili unasahau. Kwa hiyo L ya Juni tuihesabu imepotea, na hizi mbili za sasa ndizo zitakuwa jozi yake. Bahati nzuri mara nyingi zinachomwa pamoja na zile nyingine, huongezi safari. Msiidharau. Mnakumbuka homa ya mgunda kule Lindi, Julai 2022, iliyoua watu watatu? Ni leptospira hiyo. Inakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na mbwa akiipata anaweza kuileta ndani kwa mkojo wake. Tabata na panya mnajuana.

Kichaa cha mbwa ni sindano yake peke yake, na umri wake ni kuanzia wiki kumi na mbili. Wa kwako ameshapita. Achomwe siku hiyohiyo, arudiwe baada ya mwaka.

Mwambie pia daktari ampime uzito ampe dawa ya minyoo. Kama tumbo lake limekaa kama mtungi na mbavu zinaonekana, usishangae. Kwa watoto tunatoa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita.

---

Mama Kefa, Tabata · 11 Agosti, saa 1:05 asubuhi

Daktari, Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Tumbo ni mtungi kabisa, mimi nilijua ni ugali wa baba Kefa.

Swali la haraka. Kijana wa dukani ananiambia anayo hiyo chanjo kwenye friji, ananiuzia nusu ya bei ya kliniki, anakuja kumchoma hapahapa nyumbani jioni. Kwa kuwa daktari wetu hayupo, nikubali?

---

Alikuwa Kaunta · 11 Agosti, saa 4:30 asubuhi

Dada, hapana. Nimeuza kwenye duka la namna hiyo miaka minne, mkoa siutaji, kwa hiyo nazungumza ninachokijua.

Chanjo ya pavo na distempa inakuja vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu umeshikana chini kama kidonge, kingine kina maji. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 kutoka kiwandani hadi kwenye ngozi ya mbwa. Pale kwetu friji ilikuwa ileile ya soda. Umeme ukikatika saa sita mchana tunafunga mlango tunamwomba Mungu. Bosi alikuwa ananiagiza nizisogeze nyuma kabisa, karibu na barafu, "zipoe vizuri". Na ya maji ikiganda nayo imeharibika. Hakuna aliyekuja kulalamika, kwa sababu mtu mbwa wake akifa miezi miwili baadaye anasema ni bahati mbaya.

Kitu kingine nilichokiona kwa macho yangu: chupa imeshachanganywa asubuhi, mteja hakutokea, inawekwa friji anachomwa mbwa mwingine kesho yake. Ikishachanganywa inatumika palepale. Ukienda kliniki simama uone anachanganya mbele yako, na stika ibanduliwe kwenye hicho kichupa iende moja kwa moja kwenye kadi. Akikwambia stika zimeisha, na wewe mwambie hela zimeisha.

---

Muuguzi wa Mugumu · 11 Agosti, saa 7:10 mchana

Naongezea hapo. Chanjo ya kichaa ni ngumu kidogo kuliko hizo. Upo utafiti uliofanywa kwa mbwa wa huku kwetu kaskazini, ukachapishwa 2016, ambao chanjo moja ya kichaa ilikaa miezi sita kwenye nyuzi 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na mbwa waliochomwa wakapata kinga sawa na ya iliyotoka friji. Kwa vijiji visivyo na umeme ni habari njema. Lakini mtu asije akaichukua akaipaka kwenye chanjo ya pavo. Hiyo ikipata joto imekwisha.

Mama Kefa, mimi nimekuja kwa ajili ya Kefa. Watoto wa mbwa meno yao ni kama sindano, na mtoto wa miaka sita lazima atachubuliwa. Mfundishe aje kukwambia bila kuogopa fimbo. Mchubuko wowote wa jino: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kwa kuangalia saa, kisha kituo cha afya wakamwone. Usiweke majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Na mbwa asiyejulikana akimng'ata, usisubiri kuona mbwa atafanya nini, nenda siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hatuna tunachoweza, tunakaa na ndugu tunasubiri. Nimekaa hivyo mara mbili. Sitaki kusimulia.

Kuhusu distempa, wanaosema ni ugonjwa wa mbwa wa kizungu waulizeni watu wa Serengeti. Mwaka 1994 ilipita kwa simba, karibu theluthi moja wakafa, kama elfu moja hivi. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijijini wanaozunguka hifadhi. Mbwa koko hawa hawa wenye damu ngumu.

---

Usa River · 11 Agosti, saa 2:50 usiku

Mzee wa Nzuguni, naomba nikuulize kwa heshima. Katika hiyo miaka ishirini na tano, jike akizaa watoto saba, wangapi walikuwa wanafika mwaka?

---

Mzee wa Nzuguni · 11 Agosti, saa 3:05 usiku

Wawili. Mwaka mzuri watatu. Lakini hao wanakuwa mbwa kweli.

---

Usa River · 11 Agosti, saa 3:30 usiku

Basi hiyo ndiyo damu ngumu, mzee wangu. Tunawaona waliobaki, waliokufa tumeshafukia kwenye migomba na kusahau.

Mimi nilikuwa nao wanne, mwaka juzi. Nilichanja ya kwanza wiki ya saba, ya pili nikasema nasubiri mshahara. Mmoja alianza Jumatatu kwa kukataa uji. Jumanne anatapika povu, jioni damu. Nikampeleka akawekewa dripu siku nne, nililipa zaidi ya mara sita ya bei ya hiyo chanjo niliyokuwa naikwepa, akapona. Wa pili na wa tatu hawakupona. Wa nne hakuugua hata kidogo, daktari akaniambia huenda dang'a yake iliisha mapema ile ya kwanza ikamshika. Watoto wa tumbo moja, sindano ya chupa moja, siku moja. Nilivyosoma maelezo ya Daktari wa Kihonda hapo juu nimekumbuka kila kitu.

Mama Kefa, kuhusu huo ukuta: virusi vya pavo havihitaji kuruka. Vinakaa kwenye udongo miezi, hata mwaka. Vinakuja kwa ndala. Baba Kefa alienda kumpa pole jirani, si ndiyo? Na alirudi na viatu vilevile. Sakafu ya saruji osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha mwaga jiki kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, iache dakika kumi. Ile sanitaiza ya mikono haiviui. Kwenye udongo jiki haisaidii kitu, kwa hiyo mfunge upande wa saruji. Na viatu vya nje viishie mlangoni.

---

Mama Kefa, Tabata · 11 Agosti, saa 4:00 usiku

Usa River, pole kwa hao wawili. Na ndiyo, alienda kutoa pole. Alibeba mpaka chepeo kusaidia kufukia. Chepeo liko uani kwangu sasa hivi ninavyoandika.

Wateja wangu nao wanaingia na viatu uani kila siku. Nitaweka beseni la jiki mlangoni wanione nimechanganyikiwa.

---

Mama Kefa, Tabata · 12 Agosti, saa 12:45 jioni

Mrejesho.

Nimeenda kliniki nyingine, Segerea, na Mtajiju ndani ya beseni la nguo lenye mfuniko, juu ya bodaboda. Sikumshusha chini hata mara moja; kwenye benchi nilimpakata kwa sababu Usa River alishanitia hofu na sakafu. Daktari ni binti mdogo. Nikamwomba nione anavyochanganya, akaniangalia kidogo, kisha akanisogezea kiti. Unga, maji, akatikisa taratibu, akachoma. Stika mbili kwenye kadi, moja ya mseto (pavo na distempa pamoja) na L, moja ya kichaa. Uzito kilo sita na robo. Dawa ya minyoo akampa palepale, na matokeo yake leo mchana siyaelezi, watu wengine wanakula.

Nikamuuliza kuhusu matembezi. Kasema barabarani na jalalani asikanyage mpaka wiki mbili zipite baada ya sindano ya mwisho. Lakini nisimfungie ndani kama mwali. Nimbebe dirishani na mlangoni aone bodaboda, asikie honi, aguswe na watu, maana umri huu ndio anajifunza nani wa kumwogopa. Kwa hiyo kila jioni Kefa anakaa naye kizingitini anamtajia magari.

Aliponiandikia tarehe nilimwambia zile za Daktari wa Kihonda, akasema ni hizohizo: 9 Septemba mseto na L, Novemba akitimiza miezi sita tumrudishie mseto mara moja kwa uhakika, kisha kichaa na L tarehe 12 Agosti mwakani.

Nilipitia kwa jirani mzee. Bado anaye jike mmoja, Simba (ndiyo, jike, usiulize). Nikamwambia Simba naye akachomwe. Akasema "mwanangu, mimi nina miaka sabini na moja na sijachomwa." Nikakosa jibu.

---

Daktari wa Kihonda · 12 Agosti, saa 2:10 usiku

Safi sana, na huyo binti wa Segerea anajua kazi yake.

Kwa mzee: tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Wiki hiyo halmashauri nyingi huchanja kichaa bure au kwa bei ndogo, kwenye ofisi za kata au viwanja vya shule. Muulize afisa mifugo wa kata yako mapema. Wazee wengi kliniki hawaendi, ila wakiona foleni ya mbwa uwanjani na mwenyekiti wa mtaa amesimama pale, wanakuja wenyewe.

---

Mama Kefa, Tabata · 9 Septemba, saa 11:20 jioni

Nimerudi. Mtajiju kachomwa leo, wiki kumi na nane na siku tatu, kilo nane na nusu, stika imebandikwa. Alilia kidogo, Kefa alilia zaidi.

Kadi nimeitoboa nikaitundika kwenye msumari juu ya cherehani, pamoja na vikaratasi vya vipimo vya wateja. Ilikuwa nusura niharibu tena: leo ndiyo siku niliyokuwa nimemwahidi mteja mmoja gauni la sendoff. Alinipigia saa nne nikiwa kwenye benchi la kliniki, "fundi uko wapi?" Nikamwambia ukweli, niko na mbwa kwenye chanjo. Akanyamaza, kisha akasema na wa kwake kadi yake imeandikwa wiki ya kumi ndiyo ya mwisho, je ni sawa?

Nikamuuliza sasa hivi ana miezi mingapi. Minne na nusu. Nimempa namba ya yule binti wa Segerea. Gauni anachukua kesho.

Jirani mzee amekuja kuulizia ofisi ya kata iko upande gani.